Moshi Mweusi ni Mafuta Yaliyoungua Nusu: Tunavyoweza Kuupunguza Barabarani, Sokoni na Kwenye Mashine ya Kusaga

Ukisimama asubuhi kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, hutakosa kuliona jambo hili. Lori lililojaa ndizi linaanza kupanda mlima. Dereva anakanyaga mafuta, na bomba la moshi linatoa wingu jeusi. Watoto wanaokwenda shuleni wanaziba pua kwa mikono ya sweta. Mama mwenye kibanda anafunika sukuma wiki zake kwa gunia. Lori linapita, wingu linatawanyika, na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Katika wingu lile kuna hasara mbili. Ya kwanza ni ya mwenye lori: wingu hilo ni dalili kwamba dizeli aliyoilipia haikuungua sawasawa, kwa hiyo injini inakula zaidi na inafanya kazi kidogo. Ya pili ni ya wote waliokuwa kando ya barabara, kwa sababu masizi yale yameingia vifuani mwao. Somo la toleo hili ni kwamba hasara hizi mbili zina dawa moja, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haihitaji gari jipya. Inahitaji matunzo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sana

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Tumeishi kwa kubanana kuliko sehemu nyingi za mashambani nchini. Hapa kwetu hakuna injini isiyo na jirani. Mashine ya kusaga iko hatua chache kutoka nyumbani kwa mtu, steji iko mlangoni pa hoteli, na barabara ya lori la majani chai inapita mbele ya shule.

Injini za dizeli nazo ni nyingi kuliko tunavyofikiri. Mbali na mabasi, malori na baadhi ya matatu, kuna matrekta, mitambo ya kutengeneza barabara, jenereta za viwanda vya chai, hospitali na maduka, na mashine za kusaga unga katika vijiji ambavyo umeme haujafika au unakatika mara kwa mara. Bodaboda na magari madogo mengi ya abiria hutumia petroli, kwa hiyo hayamo katika somo hili, ingawa nayo yana moshi wake.

Ni haki pia kusema kwamba katika nyumba nyingi moshi unaovutwa zaidi ni ule wa kuni jikoni. Moshi wa dizeli hauchukui nafasi ya ule wa kuni. Unaongezwa juu yake. Mama anayepika kwa kuni asubuhi na kuuza mboga steji mchana anavuta wa aina zote mbili.

Injini ya dizeli inavyofanya kazi

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda mpaka inapata joto la nyuzi zaidi ya 500. Kisha nozeli inanyunyiza dizeli kwa matone madogo sana, na dizeli inawaka yenyewe kwa joto hilo.

Ili mafuta yaungue yote yanahitaji mambo matatu: hewa ya kutosha, matone madogo, na wakati sahihi wa kunyunyizwa. Likikosekana moja, sehemu ya mafuta inageuka masizi. Ni kama jiko la makaa: ukiziba tundu la hewa, moto unafifia na moshi unajaa.

Pamoja na masizi, bomba la moshi hutoa gesi. Kuna oksidi za naitrojeni, ambazo huwasha koo na mapafu. Kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu katika chumba kilichofungwa. Kuna dioksidi ya salfa, ambayo kiasi chake hutegemea salfa iliyomo katika mafuta. Na kuna hewa ukaa, inayochangia mabadiliko ya tabianchi: kila lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa.

Moshi huu unafanya nini mwilini

Chembe za masizi ni ndogo mno. Nyingi zina upana wa chini ya mikromita 2.5, na unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko hapo mara 20 na zaidi. Kwa udogo huo hazizuiliwi na nywele za puani. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya mpaka kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu. Hewa chafu ya namna hii huongeza pia magonjwa ya moyo na kiharusi.

Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara umo katika kundi hilohilo. Hii haina maana kwamba moshi wa lori moja ni sawa na sigara moja. Maana yake ni kwamba uthibitisho hauna shaka tena. Walio hatarini zaidi ni wanaouvuta kila siku kwa miaka: makanga, madereva, mafundi, wasagaji unga, wachuuzi wa steji. Watoto nao hupumua haraka kuliko watu wazima, na mapafu yao bado yanakua.

Soma rangi ya moshi

Fundi mzuri huanza kwa kutazama. Nawe unaweza. Washa injini, iache ipate moto, kisha tazama moshi inapofanya kazi.

*Moshi mweusi.* Mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia kwanza filta ya hewa. Hiyo ndiyo sababu ya bei rahisi kuliko zote. Kisha angalia nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, pampu iliyofunguliwa kupita kipimo, mipira ya turbo inayovuja, au mzigo uliozidi.

*Moshi wa bluu.* Injini inachoma oili. Huenda ringi za pistoni zimelika, sili za vali au za turbo zimechoka, au oili imejazwa kupita alama ya kijiti cha kupimia.

*Moshi mweupe.* Kidogo asubuhi wakati wa baridi si neno. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, ama mafuta yananyunyizwa kwa kuchelewa, ama mgandamizo ni hafifu, ama maji yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi.

Injini ya zamani inaweza kutoa moshi kidogo kwa sekunde moja au mbili inapoanza kuvuta. Lakini ikitoa wingu mfululizo kutoka chini ya mlima mpaka juu, hiyo ni mbovu, hata kama bado ina nguvu.

Milima yetu na kosa la "kufungua pampu"

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kwa kiasi hichohicho kila pistoni inaposhuka. Kama pampu yake ilipimwa kwa ajili ya nchi tambarare ya chini, hapa kwetu italeta mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na yanayobaki hutoka yakiwa meusi.

Dereva akiona gari limekosa nguvu mlimani, mara nyingi humwambia fundi "fungua pampu kidogo". Fundi anafungua. Gari linapata nguvu kidogo tu, lakini mafuta yanaliwa zaidi, moshi unakuwa mzito, na joto la ziada linachoma vichwa vya pistoni na turbo. Tiba ni kinyume chake: pampu na nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, na zipimwe kwa kuzingatia kwamba gari linafanya kazi milimani.

Dereva naye ana sehemu yake. Usikazanie gia kubwa huku injini inatetemeka kwa kulemewa. Shuka gia mapema kabla mlima haujakubana. Usipakie kupita uzito ulioruhusiwa. Tani moja ya ziada unailipia kwa mafuta kila unapopanda mlima.

Kunguruma bila kwenda

Tembelea steji yoyote wakati wa kusubiri abiria, au soko la Daraja Mbili siku ya kupakia ndizi. Magari yamesimama, injini zinanguruma. Matatu ya dizeli ya viti 14 inaweza kunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama tu. Lori kubwa linaweza kunywa lita 2 mpaka 4.

Hebu tupige hesabu. Matatu inasubiri abiria dakika 30, mara 4 kwa siku. Hizo ni saa 2, yaani lita 1 mpaka 2 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni lita 26 mpaka 52 kwa mwezi. Chukua bei ya dizeli ya Kisii kama inavyotangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, uzidishe. Hiyo ni pesa ya kubadilisha filta na oili, nayo inapotea bila gari kusogea hata mita moja.

Madereva wengi hawazimi kwa sababu moja ambayo hawaisemi: betri imechoka au stata ni mbovu, na wanaogopa gari lisiwake tena mbele ya abiria. Mwenye gari, hilo ni lako. Betri nzuri hujilipa kwa mafuta inayookoa. Kwa gari lenye turbo, baada ya kupanda mlima iache injini ingurume dakika moja au mbili ipoe, kisha uzime.

Mashine ya kusaga unga

Hapa ndipo moshi wa dizeli unapokutana na mama, mtoto na chakula chini ya bati moja. Nyumba nyingi za kusagia zina chumba kimoja: injini pembeni, kinu katikati, foleni mlangoni. Mama amebeba mtoto mgongoni akisubiri unga wa wimbi wa obokima, na msagaji anashinda humo kutwa nzima.

Kuna jambo ambalo wenye mashine wengi hawajaligundua. Vumbi la unga ndilo linaloziba filta ya hewa ya injini. Filta ikiziba, injini inakosa hewa na kutoa moshi mweusi. Moshi unajaa chumbani, na injini inauvuta tena pamoja na vumbi. Yafuatayo hukata mzunguko huo:

1. Tenga injini na kinu kwa ukuta, na mkanda upite kwenye tundu. Kama huwezi kujenga ukuta sasa, peleka bomba la kuvutia hewa lichukue hewa ya nje, mbali na vumbi la unga na mbali na moshi.
2. Bomba la moshi litoke nje na kupanda juu ya paa. Lisiwe jembamba wala lenye kona nyingi, kwa sababu moshi ukizuiwa kutoka injini inalemewa. Mdomo wake usielekee mlango wako wala dirisha la jirani.
3. Osha filta mara kwa mara. Ile ya kuogea oili imwagwe oili chafu na kuwekwa safi. Wakati wa mavuno, wiki moja ni muda mrefu.
4. Badilisha nyundo za kinu zikilika, na ukaze mkanda unaoteleza. Nyundo butu hufanya injini ivute kwa nguvu kwa debe lilelile la mahindi.
5. Saga mahindi makavu. Kiwango kinachokubalika cha unyevu katika mahindi ni asilimia 13.5 au chini yake. Mahindi mabichi hulemea injini, tena huota kuvu lenye sumu ya aflatoksini.
6. Weka benchi la wateja nje, upande ambao upepo unatoka. Watoto wasiingie chumba cha injini.

Mahali umeme umefika na ni wa kutegemewa, piga hesabu ya mota ya umeme kabla hujatengeneza upya injini iliyochoka. Mota haina moshi, haina oili ya kubadilisha, wala haina kelele.

Jenereta ya dukani au ya harusi isiwekwe ndani kamwe, wala verandani chini ya dirisha. Iwe uani, mbali na milango, na moshi uelekee nje. Kaboni monoksidi haimwamshi aliyelala.

Mafuta safi, mafuta machafu

Mwaka 2015 Kenya, pamoja na nchi jirani za Afrika Mashariki, ilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni. Kabla ya hapo dizeli iliyoagizwa iliruhusiwa kuwa na salfa hadi sehemu 500. Salfa ikipungua, masizi na gesi kali hupungua hata katika gari lililozeeka. Pia vichujio vya masizi vilivyo katika magari ya kisasa huweza kufanya kazi. Kichujio kizima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya masizi.

Kwa hiyo fundi akikushauri akikate kichujio kwa sababu "kinazuia nguvu", mwulize kwanza kimeziba kwa nini. Kwa kawaida kimeziba kwa sababu nozeli ni mbovu, oili si ya aina yake, au gari halipati safari ndefu ya mwendo wa kutosha kuyachoma masizi yaliyokusanyika. Ukikikata, ugonjwa unabaki palepale, na moshi unawaendea wengine.

Mafuta mazuri yanaweza kuharibiwa njiani. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya dizeli na mafuta taa kwa sababu yalikuwa ya bei ya chini. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida hiyo. Mafuta taa hayalainishi pampu kama dizeli ifanyavyo. Pampu na nozeli hulika, na moshi huanza. Nunua kwenye kituo chenye leseni, omba risiti, na uache dizeli ya jerikeni ya kando ya barabara hata kama imepunguzwa bei.

Sheria inasemaje

Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kudai haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo mjini Kisii. Jedwali la Nne la Katiba linaweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Sheria ya mazingira ya 1999, iliyounda NEMA, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zote zinahusu moshi wa magari na mitambo. Magari ya abiria na ya biashara yanapaswa kukaguliwa na NTSA kila mwaka.

Lakini tusianze na mahakama. Moshi wa jirani ukikusumbua, zungumza naye kwanza, ikiwezekana mkiwa na fundi. Kama hakuna mabadiliko, mweleze afisa wa afya ya umma wa wadi au msimamizi wa wadi, au uende ofisi ya NEMA ya kaunti. Andika tarehe, saa na mahali. Malalamiko yenye maelezo hushughulikiwa haraka kuliko manung'uniko.

Sacco za matatu zina nguvu kuliko wengi wetu. Sacco ikiamua kwamba gari linalotoa moshi mweusi mfululizo halipangwi foleni mpaka litengenezwe, steji inabadilika ndani ya mwezi mmoja. Vilevile wenye magari waache kumdai dereva pesa za siku bila kumpa pesa za filta.

Maswali ya kujadili katika chama, Sacco au baraza

1. Taja mambo matatu ambayo dizeli inahitaji ili iungue yote.
2. Injini inatoa moshi wa bluu ikiwa imepata moto. Ungeangalia nini kwanza?
3. Kwa nini pampu iliyopimwa Mombasa inaweza kutoa moshi mweusi Kisii?
4. Lori linanguruma likiwa limesimama saa 1 na nusu kila siku kwa siku 20, likinywa lita 3 kwa saa. Limepoteza lita ngapi? (Jibu: lita 90.)
5. Katika mashine ya kusaga iliyo karibu nawe, mdomo wa bomba la moshi unaelekea wapi, na ni nani anayeketi hapo?

Swali la tano halijibiwi ukiwa umeketi. Utakapopeleka debe lako wiki hii, tazama, kisha umwambie mwenye mashine ulichoona.